Ndege Kichwani mwa Kibwana wa Pili

Jumatatu, 12 Mei

Fatu kaondoka. Binti yetu Shamsia kajifungua kwa mumewe, kule Mchukwi, mtoto wa kiume, na mama mtu anakwenda kumkalia mpaka arobaini. Nilimwambia wahenga walisema kanga hazai ugenini. Akanijibu wahenga hawakuwa na hospitali. Nikambebea mfuko wake mpaka barabarani. Mwanamke yule kila methali ana dawa yake.

Kabla ya kupanda bodaboda alinipa amri moja. Mpunga ndiyo kwanza unaweka maziwa, kwa hiyo nisishuke kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, toka alfajiri mpaka magharibi. Mchele wa arobaini ya mjukuu uko bondeni bado, umesimama kwenye majani. Ndege kwelea wakiumaliza, wageni watakula nini, hadithi zangu? Alisema hivyo hivyo. Hadithi zangu!

Basi niko juu. Dungu lina miguu minne, mmoja mbovu. Mie nina miwili, mmoja mbovu. Dungu lina nafuu. Navuta kamba, makopo yanalia kule mbele, kwelea wanaruka, wanazunguka, wanashuka nyuma. Navuta ya nyuma, wanarudi mbele. Nikirusha donge kwa kombeo, bega linalia kuliko makopo. Ndiyo kuamia ndege huku. Wenyewe wana mabawa, mie nina nyonga.

Kapita Twalha. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu, binamu, kwa hiyo mtani, na tangu utotoni hatujawahi kuambiana neno la heshima. Kwao ni visiwani, kwenye mikoko ya delta; alifuata mke huku akabaki. Kasimama chini akauliza kama nafukuza ndege au ndege wamenitaga. Nikamwambia akifa nitaimba. Akasema nitatangulia mie, na siku hiyo kanzu yangu ataivaa yeye. Haki ya mtani hiyo, hakuna wa kuipinga: matangani huvaa nguo za marehemu, humwigiza mwendo, hula kabla ya wote, na huondoka na kitu kimoja alichokipenda. Akasema mwendo wangu ameshaanza kujifunza. Akautembea palepale tuta zima, mkono mmoja nyuma, mwingine kwenye nyonga. Bi Siti wa shamba la jirani alicheka mpaka akaketi kwenye maji.

Sikucheka. Ulikuwa unafanana sana.

Jumanne, 13 Mei

Mgeni! Binti wa chuo kutoka Dar, jina lake Sabra, tope mpaka magotini. Anakusanya majina ya ndege na semi za ndege, Kiswahili, Kindengereko, Kimatumbi, za watu wote. Nikamuuliza atawaona wapi ndege huko mjini. Akasema hasomei ndege, anasomea maneno ya watu juu ya ndege. Ukiishi sana utasikia kila kitu.

Shingoni ana darubini. Nikaazima. Nilimwona Twalha nyumbani kwake ng'ambo ya kijito, anajikuna. Niliona na mahali anapojikuna. Kitu hiki lazima nikipate. Kwa ajili ya mpunga, bila shaka.

Kasema Jumamosi anakutanisha wazee Kibiti, na darubini ataiacha kwa mzee atakayempa neno bora asilolijua. Nikaanza papo hapo. Dudumizi, anayelia mvua ikikaribia: anaye. Hondohondo: anaye. Babewatoto, yule bundi wa kutishia watoto wasiolala: anaye. Yangeyange, mnandi, furukombe, kitwitwi, wote anao. Majina ya kweli yaliniishia uji ukiwa bado wa moto.

Ikabidi nitunge. Kongoti, nikasema, huku kwetu anaitwa kitwalha, kwa sababu ana kipara, ana shingo ndefu na husimama palipo na chakula cha wenzake. Akaandika. Shomoro nikamwita mlamba-sahani. Akaandika. Nilijisikia kijana.

Naye akanipa za ng'ambo. Wajerumani wakisema fulani ana ndege, maana yake kichwani hayuko sawa. Warusi mtu asiyefanana na wenzake humwita kunguru mweupe. Wareno mtu akibebeshwa kosa la wengine husema kalipa bata. Nikamwuliza bata gani, akasema bata tu. Nina bata wanne nyumbani. 

Kwelea walikula ukingo wa kusini tukizungumza. Kidogo tu. Haionekani ukisimama kaskazini.

Jumatano, 14 Mei

Balaa. Sabra kumbe jina halihesabu mpaka mzee wa pili alithibitishe. Na mzee wa pili kaenda kumpata wapi? Kwa Twalha. Nimewaona wamekaa barazani kwake, Twalha anarusha mikono, binti anacheka. Sikuwa na darubini, sikujua anacheka nini. Mateso.

Lazima niende Kibiti nikajitetee. Lakini Bi Siti ana macho na ana simu, na namba ya Fatu anaijua kuliko namba yake. Nikishuka tu dungu, Mchukwi watajua kabla sijavaa viatu.

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Jibu hili hapa. Vijiti, nyasi kavu, kanzu yangu ya pili, kofia yangu ya zamani: nimeunda mtu. Nikamkalisha kwenye dungu, mgongo kwenye nguzo, nikamfunga kamba ya makopo mkononi. Upepo ukivuma, mkono unapunga na makopo yanalia. Nimemwita Kibwana wa Pili. Mabega yake mazuri kuliko yangu.

Jioni nikampigia Fatu. Akauliza ndege wanasemaje. Nikamweleza ndege wa Wajerumani, na bata wa Wareno. Akauliza, na mpunga unasemaje. Nikasema salama.

Alhamisi, 15 Mei

Jaribio. Nimejilaza chini ya dungu kwenye kivuli, Kibwana wa Pili juu. Upepo ulikuwa mzuri. Mkono ukapunga, makopo yakalia, kwelea wakahamia kwa Bi Siti. Yeye akawarudisha. Tukacheza hivyo asubuhi nzima, mie nimelala. Miaka yote nimepanda ngazi ile bure!

Bi Siti akapita kwenda kuteka maji. Akaelekeza salamu juu, Asalam aleikum, Mzee Kibwana. Nikamjibu toka chini ya dungu, Waaleikum salaam. Akaniuliza hali, nikamwambia nyonga. Akapita zake, hajashtuka hata kidogo.

Jaribio limefaulu. Sioni kasoro yoyote.

Ijumaa, 16 Mei

Baada ya sala nikamganda Shehe Huseni. Nilimwomba neno la ndege la Kiarabu, la kwenye vitabu, ambalo binti wa chuo hatakuwa nalo. Shehe akanitazama. Tangu lini nabaki baada ya sala? Lakini mtu mwema, akanipa. Akasema masahaba walipomsikiliza Mtume walikaa kimya, wametulia, kama wenye ndege juu ya vichwa vyao, maana ndege hawezi kutua kichwani mwa mtu anayetikisika. Akaongeza kwamba ni sifa ya kuiga, hasa kwangu, wakati wa hotuba.

Hiyo imekwenda mfukoni. Kesho Kibiti.

Nimemwongezea Kibwana wa Pili nyasi kifuani. Alikuwa anaonekana mgonjwa. Kichwani ametokwa na suke moja la mpunga chini ya kofia. Nikaliacha. Linamfanya aonekane mkulima.

Jumamosi, 17 Mei. Kibiti, mchana

Naandika mgahawani, supu mbele yangu, DARUBINI SHINGONI.

Niliondoka giza halijatoka, kabla Bi Siti hajafika shambani. Wazee tulikuwa wengi. Mmoja kutoka delta alimaliza ndege wa mikoko wote bila kupumua, nikadhani nimekwisha. Mwingine, Mmatumbi wa Nyamwage, akatoa kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hilo hata mtoto analo. Zamu yangu nikasimama polepole kama shehe, nikatoa wenye ndege juu ya vichwa vyao. Ukumbi ukatulia kweli. Sabra akaacha kalamu akanitazama. Hakuwa nalo!

Kuhusu zile za kutunga, aliniambia pembeni. Kitwalha na mlamba-sahani ameziweka mahali pake, chini ya utani. Twalha alizithibitisha zote bila kupepesa, kisha akaongeza yake: kwamba yule ndege anayetaga kwenye kiota cha wenzake akaenda zake kutembea, huku kwetu anaitwa kibwana. Uongo mtupu! Nikamwambia afute. Akasema, babu, mzee wa pili akithibitisha atafuta. Mzee wa pili ni nani? Twalha.

Mwishoni Sabra akanivika darubini. Alisema maneno mengi hapo, nadhani kwamba niitunze kwa niaba ya wazee wote wa Mkongo, kijiji chetu. Makofi yalikuwa mengi, sikusikia vizuri baada ya niitunze.

Hapa nimeijaribu barabarani. Nimeona kuku upande wa pili wa stendi mpaka manyoya ya shingo. Nimeona bodaboda imetoka njia ya Mchukwi, kasi, mwanamke nyuma kajifunika kanga mpaka usoni, mabega yanatikisika kwa kilio. Maskini, kafiwa huyo. Nikamsomea Innalillahi. Nikaagiza chapati.

Upepo umekufa leo. Joto. Hata majani ya mnazi hayatikisiki.

Jumapili, 18 Mei

Mkono hautaki kuandika. Nitaandika.

Jana nilirudi alasiri. Nilishukia kwenye mwinuko kabla ya kijiji, nikakaa kwenye kichuguu nipumzishe nyonga na kuitazama nyumba yangu kwa darubini. Nikaona watu. Mikeka uwanjani, wanaume huku, wanawake kule. Moshi, sufuria la harusi. Nikadhani jirani kapata msiba, wameazima uwanja. Nikawaza atakuwa mzee Ismaily, alikuwa anakohoa.

Kisha nikajiona.

Kanzu yangu. Mwendo wangu. Mkono mmoja nyuma, mwingine kwenye nyonga. Natembea katikati ya watu, nasimama, naikunjia nyonga uso, na watu wanacheka huku wamefunika midomo. Nikaishusha darubini, nikajishika kifua. Nilikuwepo. Nikaipandisha. Nilikuwepo na kule.

Alikuwa Twalha.

Mambo yalikwenda hivi, nimeyakusanya kwa watu, kila mmoja akinyoosha kidole. Asubuhi Bi Siti alipita, akatoa salamu. Kimya. Akatoa tena. Kimya. Salamu ya Mungu mtu haachi kuijibu akiwa mzima, hata awe Kibwana. Akasogea. Upepo hakuna, mkono haupungi. Akatazama juu, akaona kwelea wametua: wawili begani, mmoja kichwani, ananyofoa lile suke chini ya kofia. Na mtu katulia tuli. Bi Siti hasomi vitabu, lakini alichokijua Shehe anakijua na yeye: ndege hawatui kichwani mwa mtu anayepumua. Akapiga yowe. Mashamba yote yakaitika.

Mtani ndiye hutangulizwa kwenye mambo kama haya, ndiyo mila, kwa hiyo Twalha alipandishwa. Aliposhika bega, nyasi. Akateremka akasema ukweli, namshukuru kwa hilo, ingawa inasemekana alikaa juu muda mrefu peke yake, na alipoteremka macho yalikuwa mekundu. Anadai vumbi.

Lakini habari ya msiba haisubiri mtu ashuke ngazi. Bi Siti alishapiga simu Mchukwi. Walipompigia Fatu tena kumrudishia roho, simu aliisahau kwa Shamsia kwenye mkeka. Kwa hiyo alikuwa njiani, analia, na njia ya Mchukwi lazima ipite Kibiti.

Ile kanga. Ile kanga nilimnunulia mwenyewe.

Kijijini nako watu walishakuja na ubani, na mchele, na kuni. Wengine walitaka kurudi. Twalha akakataa. Akasema matanga yakishatandikwa hayakunjwi tupu, na marehemu wa nyasi ana watani kama marehemu wa nyama. Akamvua Kibwana wa Pili kanzu, akaivaa, akaamuru bata wangu wachinjwe. Wote wanne. Wareno wanajua wanachosema.

Na kwelea? Kwelea hawana mila. Watu wote wakiwa uwanjani kwangu wanacheka, walishuka bondeni kama mkeka uliokunjuliwa. Kwa Bi Siti wamegusa. Kwangu wamekaa. Nusu ya shamba ni makapi yamesimama.

Niliingia uwanjani na darubini shingoni. Hakuna aliyepiga kelele. Walinipisha tu njia, mpaka nikamfikia Fatu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wa wanawake, uso umevimba, na mbele yake wamemwekea Kibwana wa Pili, uchi, vijiti na nyasi, amebaki na kofia. Fatu alikuwa anaiweka sawa ile kofia. Akanitazama, akaitazama darubini.  Akasema, kwa sauti ndogo, watu wote wakasikia:

"Huyu angalau alikaa shambani."



Haki ya mwisho ya mtani ni kile kitu kimoja. Twalha alinizunguka mara moja, kama anayechagua mbuzi, akaivua darubini shingoni mwangu kwa adabu kubwa. Hata Shehe Huseni alisema ni halali yake.

Leo asubuhi Fatu karudi Mchukwi. Mchele wa ubani uliobaki kaufunga kwenye viroba, akasema ndio utakaopikwa arobaini. Mjukuu wangu atatolewa nje kwa mchele wa matanga ya babu yake. Nikasema kumbe mambo yameisha vizuri. Akakaza kamba za viroba. Alipokaa nyuma ya bodaboda akaniuliza, Baba Shamsia, wale Wajerumani husema mtu ana nini? Nikamwambia, ndege. Akatikisa kichwa, akamgusa dereva begani, wakaondoka.

Jumatatu, 19 Mei

Niko juu. Nusu ya shamba iliyobaki ni yangu kuilinda, na nyonga inaniambia mambo. Kijiji chote kimepata msemo mpya. Mtu akilala kazini wanasema kaamia kikibwana. Nimewasikia watoto wa madrasa wanautumia. Sabra kapiga simu, kasikia tayari, anataka kuuandika, na safari hii mzee wa pili, wa tatu na wa kumi wamethibitisha. Nilikasirika mpaka adhuhuri. Kisha nikawaza: Twalha ana msemo? Hana. Ana jina la ndege mwenye kipara tu.

Anakaa barazani kwake ng'ambo, darubini usoni, ananitazama mchana kutwa. Nikijikuna, jioni msikitini anasimulia nilipojikuna. Haivumiliki.

Nimefanya hesabu zangu. Msimu mzima nikiwa hai sijavuna kitu. Asubuhi moja nikiwa marehemu nimepata viroba vya mchele mweupe, uliokobolewa kabisa. Fatu haoni hivyo, lakini Fatu amechoka.

Na Kibwana wa Pili hakuwa na kosa. Watu wanamwonea. Alikaa, alivaa, alipunga. Upungufu wake ulikuwa mmoja tu, hakujibu salamu.

Sabra amesema Jumatano anakutanisha wazee Nyamwage, zamu hii semi za samaki. Mshindi atapewa redio. Semi za samaki ninazo tatu, nyingine zitakuja njiani.

Kwa hiyo nimeshinda leo nasuka nyasi. Kifua kipana zaidi, suke hakuna. Ndani ya kifua nimetia ile simu yangu ya zamani, nimeirekodi sauti yangu, inajirudia yenyewe. Nimemkalisha juu, nimeiwasha, nimeshuka ngazi, nimejilaza chini ya dungu. Nikasema Asalam aleikum. Juu ikajibu Waaleikum salaam, nyonga tu.

Sioni kasoro yoyote.